Kabla Chaki Haijafutika

3 Februari

Mpwa wangu Kiroboto,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba umeacha ile tabia ya kunywa chai tupu ukaiita chakula cha mchana. Sisi hatujambo. Paa la chumba cha kazi limezibwa. Jirani yetu wa duka la vitabu amepata mjukuu na sasa hana mazungumzo mengine, ukimsalimia tu anatoa picha. Paka wako amekonda kwa mapenzi, si kwa njaa. Mgongo wangu unauma kama kawaida yake. Mkaza mjomba wako, Bi Chaki, anakusalimu sana.

Simu imeingia maji, kwa hiyo usihangaike kupiga. Barua zinatosha, watu wameoana kwa barua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua desturi ya nyumba hii, kwamba mtoto akiondoka kwenda kujitegemea huondoka na mfarishi ulioshonwa na Bi Chaki. Wewe uliitwa kwenye mafunzo ghafla, ukaondoka na blanketi la kununua, na mkaza mjomba wako alilichukulia kama tusi la ukoo mzima. Basi mfarishi wako upo. Vipande vya buluu vimeunganishwa, pamba imelazwa katikati, kitambaa cha chini kimeshikizwa. Juu yake Bi Chaki amechora kwa chaki mtambaa wa majani, unaanzia kona moja na kuzunguka mfarishi mzima bila kukatika. Kilichobaki ni kupita na cherehani juu ya chaki. Kazi hiyo nimeichukua mimi. Usicheke. Mwanamke amechoka kuniona nimekaa bure, akanikabidhi.

Tatizo ni kwamba kitambaa kinagoma. Tangu niijue cherehani, meno yake yaliyo chini ya sindano ndiyo yanayovuta nguo, mimi naelekeza tu. Suruali nilizoshona hivyo zingevalisha jeshi. Kwa mfarishi meno yanashushwa, na nguo haiendi popote mpaka mikono yako iisukume. Unataka jani, usukume umbo la jani. Nasukuma, mfarishi unakwama kwenye ukingo wa cherehani. Nikiongeza nguvu unaruka, na jani langu linakuwa kidole gumba.

Kibaya zaidi, kila ninapokikandamiza kitambaa, chaki inafutika chini ya viganja. Nilimwaga poda mezani ili kiteleze. Kiliteleza kweli, lakini buluu yote ikawa nyeupe, nikashindwa kujua ipi poda na ipi chaki. Nilikaa naipuliza taratibu hadi nikapata kizunguzungu. Chaki hii ikifutika kabla sijamaliza, nimekwisha. Wewe uko huko kwenye karakana ya cherehani, tena yenye duka. Nitafutie chochote cha kukitelezesha hiki kitambaa, na ufanye haraka.

Mjomba wako,
Fundi Suruali


20 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Bi Chaki shikamoo yake, na paka mwambie namkumbuka. Mimi sijambo. Nakula, na ninakula vizuri, chai naiweka pembeni. Ninayelala naye chumba kimoja anakoroma mpaka kikombe kinatembea juu ya meza, lakini ana roho nzuri. Mkufunzi wetu tunamwita Kobe. Anaifungua cherehani polepole kiasi kwamba unaweza kusinzia, ukazinduka, ukamkuta kwenye skrubu ileile. Ila akishaifunga haiharibiki tena. Mafunzo yanaisha Desemba, na atakayeondoka katikati nafasi yake inapewa mwingine, wametuonya mara nyingi.

Nimecheka poda hadi wenzangu wakaniuliza nina nini. Fundi wa miaka yote hiyo kuumwagia mfarishi poda, umeuona ni mtoto mchanga?

Kwenye kifurushi nimeweka vitu viwili. Cha kwanza ni glavu. Ni nyembamba, zina mpira kwenye ncha za vidole. Mpira unashika kitambaa kwa kukigusa tu, huna haja ya kukandamiza kwa kiganja, kwa hiyo chaki itapona. Cha pili ni hiyo karatasi ya plastiki laini. Ina tundu katikati, hapo ndipo sindano inaposhukia. Itandaze juu ya cherehani na meza, uibandike kwa utepe pande zote nne, mfarishi utateleza juu yake. Pande zote nne, Mjomba. Nakujua, utabandika mbili useme inatosha.

Halafu ondoa ule ukingo. Panga mbao kuzunguka cherehani mpaka meza iwe sawa nayo. Weka kiti kushoto kwako na meza nyingine mbele, uzito wa mfarishi ulale huko. Unaokuvuta ni uzito unaoning'inia. Mikono itembee taratibu na mashine ikimbie, usifanye kinyume.

Chaki nayo isikunyime usingizi. Ikifutika chora upya, majani ni majani.

Jambo moja. Bi Chaki hakuweka mstari wake chini ya barua. Tangu niondoke hajawahi kukosa, hata ile mara aliyoandika “Leo sina la kusema, mjomba wako amelimaliza.” Mwambie namdai.

Wako mtiifu,
Kiroboto


15 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Kifurushi kimefika salama. Sisi hatujambo, mvua ni nyingi na nguo hazikauki. Mjukuu wa jirani ameota jino, nimeonyeshwa picha ya jino.

Glavu zako nilizivaa nikajiangalia kwenye kioo, nikafanana na mtu anayekwenda kuiba benki ya watoto. Wateja wawili wamenitania. Lakini nakubali kwamba zinafanya kazi. Nakigusa kitambaa kwa ncha za vidole tu na kinanifuata. Plastiki nayo ni maajabu. Nimepanga mbao, nimeweka kiti, nimeweka meza, chumba kizima kimekuwa mfarishi na sisi tunapita kando ya ukuta. Nimeshapita kona mbili na upande mmoja wote. Majani sasa ni majani, machache tu yana sura ya viatu.

Sikujua mpaka sasa kwamba kazi hii ni ngumu hivi. Miaka yote tumekaa chumba kimoja, mimi na suruali zangu, yeye na mifarishi yake, na nilidhani anacheza. Nilikuwa namwambia kazi ya kiume ni mstari ulionyooka. Ningekuwa na aibu ningeshamwomba radhi.

Kuhusu kuchora upya, hapana. Siichori upya hata jani moja, na nakuomba suala hilo tulifunge.

Bi Chaki hajambo. Anakaa karibu na dirisha nikishona, ananitazama. Hasemi mengi siku hizi. Mstari wake atauandika akipata nafasi.

Nitumie utepe mwingine, huu wa hapa haushiki.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Utepe umo ndani ya bahasha.

Leo sina utani. Bi Chaki ninayemjua mimi hajawahi kukaa dirishani akamtazama mtu mwingine anashona. Angekuwa ameshakutoa kwenye kiti kwa kukusukuma na nyonga. Na hajawahi kukosa nafasi ya kuandika mstari mmoja. Tena umesema hasemi mengi, Mjomba, wakati wewe mwenyewe ulikuwa ukilalamika kwamba anaongea hata akiwa usingizini.

Nimempigia simu jirani wa duka la vitabu. Aliposikia sauti yangu alisema yuko na wateja, akakata. Na jirani yetu huyo, wewe na mimi tunajua, hana wateja.

Bi Chaki ana nini? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Kiroboto


19 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi ni wazima kiasi cha kuandika. Nilikuwa na barua nyingine imekwisha andikwa ya kukudanganya, na ilikuwa nzuri. Nimeichana kwa sababu ya jambo lililotokea jana.

Jana mfarishi uliteleza. Nakwambia uliteleza kama haujawahi, mikono yangu ikawa haina kazi, nikapita jani baada ya jani nikiimba. Nikamgeukia Bi Chaki nikamwambia, “Unaona? Bado kidogo nikufundishe.” Nikainua mfarishi nimwonyeshe. Plastiki ikainuka nao. Nilikuwa nimebandika utepe pande mbili tu, utepe wenyewe ule wa hapa, wako nilikuwa sijaufungua, ukabanduka. Kitambaa hakikuwa kinateleza juu ya plastiki. Plastiki na kitambaa vilikuwa vinateleza pamoja juu ya meza, na mimi nimevishona pamoja, majani yote, kwa uzi imara na mshono wa kusifiwa. Nilisimama pale nimeushika, ile plastiki inaning'inia mgongoni mwa mfarishi na tundu lake katikati.

Bi Chaki akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akajipiga paja kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuninyooshea kidole akashindwa kwa kicheko. Nami nikakaa chini sakafuni nikalia mbele yake. Sijawahi kulia mbele ya mtu tangu mama yako, dada yangu, atutoke.

Ili uelewe kwa nini nililia, lazima nikwambie lililobaki. Januari, asubuhi, alikuwa anamalizia kuchora kona ya mwisho ya mfarishi wako. Chaki ikamdondoka. Akainama kuiokota, mkono ukakataa. Kiharusi, Kiroboto, upande wa kulia. Tuliwahi hospitali, daktari alisema tumewahi. Mguu umerudi kiasi, anatembea akishika ukuta. Mkono bado. Na maneno yalikwenda yote, likabaki moja, nalo ni “haya.” Nikimuuliza kama anataka chai, haya. Nikimuuliza kama anaumwa, haya. Nikimwambia mimi ni fundi bora kuliko yeye, haya, ila hiyo anaisema kwa jicho ambalo unalijua. Tangu Januari alikuwa hajacheka.

Nilichukua kalamu nikuandikie siku ileile tuliyorudi. Alipoona nimeandika Kiroboto aliinyang'anya kwa mkono wa kushoto, akaificha chini ya mto wake. Nilipoleta nyingine aliificha pia. Hatujasahau kwamba nilipovunjika mguu uliacha shule muhula mzima kuja kunipikia, tena ukapika vibaya. Alijua utayaacha mafunzo. Simu haijaingia maji. Nimeizima, iko kabatini, kwa sababu ungesema nipe Bi Chaki. Jirani nilimkataza mimi.

Ndiyo maana sichori upya. Ile mistari ndiyo ya mwisho iliyotoka kwenye mkono wake. Mimi najua kuchora mguu wa suruali. Nilitaka kuipitia yote na uzi kabla haijafutika, ibaki. Ndicho nilichokuwa nakimbizana nacho, wala sikuwa namkimbilia mtu aone kazi yangu.

Sasa nimefumua ile plastiki, uzi mmoja mmoja, na kwa kufumua nimefuta. Katikati ya upande mmoja wa mfarishi pana mahali kama ukubwa wa sinia, buluu tupu. Hakuna chaki, hakuna jani, mtambaa unafika pale unakatika. Bi Chaki anapatazama na mimi napatazama. Sijui la kufanya. Nisamehe kwa kukuficha, na unijibu.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo Bi Chaki. Hii msomee kwa sauti, anasikia.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na sikulelewa kukutukana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ninyi ndio mlionifundisha, mlinisomea hiyo nilipoficha jino bovu. Kumbe methali ni za watoto peke yao. Nimekasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Miezi yote ile ninakutania kuhusu poda na wewe unanijibu utani, na yeye amekaa hapo dirishani hana neno. Mngenipa hata nafasi ya kulia kwa wakati wangu.

Barua yako niliipata asubuhi. Mchana nilikuwa kituo cha basi na begi langu, tiketi mkononi. Sikumuaga Kobe wala mtu yeyote. Basi lilikuja, watu wakapanda, mimi nikabaki kwenye benchi. Nilikuwa namfikiria Bi Chaki anavyopambana na mkono mmoja kuficha kalamu. Nikaona nikitokea mlangoni na begi, atajua ameshindwa hata kwa hilo. Basi likaondoka. Nilirudi karakana nimechelewa, nikasema tumbo. Kobe alinitazama kwa muda wake, akasema, “Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,” akanipa mashine nifungue. Sijui nani alimwambia. Labda uso wangu.

Nitakuja likizo ya Agosti, nikiwa mgeni. Nitakaa, nitakula, nitaondoka. Simu itoe kabatini leo. Sihitaji maneno, “haya” moja inanitosha.

Sasa kuhusu hilo pengo. Umeniuliza, nakujibu kama fundi. Mpe chaki, mkono wa kushoto. Utandaze mfarishi mezani karibu naye na ile plastiki chini, iliyobandikwa pande zote nne, ili kitambaa kiweze kumfuata yeye badala ya yeye kukifuata. Usimshike mkono wala usimwelekeze. Ukiona anakosea, tazama dirishani. Na atakachochora, Mjomba, ukipitie hivyohivyo kilivyo. Usikinyooshe. Nakujua, vidole vyako vitawasha kunyoosha.

Nawapenda. Niliwahi kuliandika hilo mahali? Basi leo nimeliandika.

Kiroboto


24 Juni

Mpwa wangu Kiroboto,

Salamu kutoka kwetu sote, na safari hii sote maana yake sote. Sauti yako kwenye simu ilimfanya Bi Chaki aking'ang'anie kile chombo hadi kikapata moto. Alikwambia haya ngapi sijui, mimi nilitoka nje kuteka maji ya kuoga. Mjukuu wa jirani anatambaa. Jirani mwenyewe amekuja kuomba radhi kwa kukukatia simu, akaleta picha.

Nilifanya ulivyosema. Nilibandika pande nne, nenda kaulize. Nilimwekea chaki kushoto nikajifanya natafuta mkasi. Aliitazama muda mrefu. Siku ya kwanza hakuigusa, na ya pili hakuigusa, nami nikamaliza mikasi yote ya nyumba hii kwa kuitafuta. Siku ya tatu niligeuka nikakuta ameishika ngumi nzima, kama mtoto anavyoshika kijiko. Alichora, akapumzika, akachora. Kitambaa alikuwa anakivuta kwa kiwiko cha mkono mgonjwa, kwa kukilalia tu, na kilikuwa kinakuja. Kilikuwa kinateleza, Kiroboto. Mkono ule ulikuwa haujafanya kazi yoyote tangu Januari.

Majani yake si ya zamani. Moja limelala, moja halikufunga, na kijiti kinachounganisha kinatetemeka njia nzima. Lakini mtambaa umefika upande wa pili wa pengo, umeungana.

Leo asubuhi nimekaa kupita juu yake. Nimevaa glavu, nimeshusha meno, Bi Chaki kiti chake ubavuni mwangu, pua yake karibu kwenye sindano. Nimeshona kola za mawaziri na sijawahi kuogopa namna hii. Nilienda polepole kuliko Kobe wako. Palipotetemeka nikatetemeka, jani ambalo halikufunga sikulifunga. Macho yangu yalijaa, ikabidi nisimame nifute, nikaendelea. Nilikuwa juu ya chaki kila mshono, nakuapia, uzi ulikuwa unaifunika chaki pote.

Nilipofika jani la tatu, akanigonga bega. Nikasimamisha mashine. Akaweka kidole juu ya mshono wangu. Mdomo ukahangaika, nikamsubiri, nikajua inakuja ile haya.

Akasema, “Umepita nje.”

Maneno mawili. Hayakunyooka, ila yalikuwa maneno, na yalikuwa na ukali wake wote ndani.

Nilikuwa sijapita nje. Nimeangalia kwa miwani, nimeangalia kwenye mwanga wa dirisha, mshono uko juu ya chaki kabisa.

Nimefumua.

Mjomba wako